Ncha ya Pili ya Waya

Jumatatu tatu mfululizo mtandao wa hospitali ulikufa saa tatu na nusu asubuhi, na Jumatatu zote tatu nilitukanwa na watu nisiowajua.

"Msomi!" mfamasia alinipigia kelele kutoka dirishani. "Cheti chako si umekitundika ukutani? Kakishushe, tuwapepee wagonjwa."

Foleni ilicheka, kisha ikarudia kunung'unika. Mtandao ukifa, daktari haoni majibu ya maabara, mfamasia haoni alichoandika daktari, na mgonjwa anageuzwa tarishi, anabeba vikaratasi mlango kwa mlango. Nilikuwa na miezi miwili kazini, fundi wa mtandao. Bado naamini kazi yangu ni kumpunguzia mgonjwa safari.

Mara mbili za kwanza mtandao ulifufuka wenyewe kabla ya adhuhuri, nami nikajipongeza bure. Mara ya tatu nilifuata nyaya chumba kwa chumba hadi chumba cha mikutano, kikao cha wakuu kilipokuwa kimemalizika tu. Waya niliouacha mwenyewe pale kwa ajili ya wageni wenye kompyuta ulikuwa umechomekwa ncha zote mbili: moja ukutani, nyingine kwenye tundu jingine la mtandao sakafuni, pembeni ya kiti cha mwenyekiti. Waya wa namna hiyo unaurudishia mtandao maneno yake wenyewe. Kila ujumbe unaotoka unarudi, unatumwa tena, unarudi tena, mpaka njia zinajaa kelele na hakuna anayesikika. Vifaa vyetu ni vya zamani, havijui kujikinga. Nikauchomoa, hospitali ikapumua.

Kisha nikafanya kosa. Niliandika ripoti: "Waya huchomekwa na mtu anayeingia chumba cha mikutano Jumatatu asubuhi." Nilidhani wakuu watabandika tangazo. Wao wakatafuta mwenye ufunguo.

Mwenye ufunguo alikuwa Mama Pacha, mfanya usafi, mjane aliyesomesha mapacha kwa ndoo na fagio. Jumatano aliitwa kwenye chumba hichohicho. Barua ya kumwachisha kazi ilikuwa mezani, imeshachapwa. Ilibaki sahihi tu.

Katibu wa hospitali alikaa kiti cha mwenyekiti. Tulimwita Mstari, mgongoni kwake lakini, kwa sababu hakuweza kuona kitu kimepinda akakiacha. Alipokuwa akisubiri tukae, alipanga kalamu zake tatu, akasogeza glasi ya maji, akanyoosha hata karatasi za matroni, aliyeketi kushoto kwake.

"Mama, waya huu unaujua?"

"Naujua, baba. Kila Jumatatu nikija kupiga deki baada ya kikao chenu, nauchomoa, nauweka mezani."

"Kwa hiyo unaugusa!"

"Nauchomoa, baba. Nimesema nauchomoa."

"Mkono unaochomoa ndio unaochomeka."

Kumbe ndiye aliyekuwa akitufufulia mtandao, naye ndiye anayefukuzwa, kwa ripoti yangu. Niliunganisha kompyuta yangu kwa waya uleule na kuwageuzia kioo.

"Mzee, kumbukumbu za mitambo hizi hapa. Mara zote tatu hitilafu imeanza saa tatu na nusu. Saa hizo Mama Pacha yuko wodini. Humu ndani kuna kikao."

"Unasema wakuu ndio wanaoharibu hospitali?"

"Nasema saa, mzee."

"Kijana, una miezi mingapi hapa?"

"Miwili."

"Na bado uko kwenye majaribio. Funga hiyo kompyuta. Hatukuja kuangalia sinema."

Mama Pacha alinivuta shati chini ya meza. "Nyamaza, mwanangu," alinong'ona. "Wewe bado mbichi, watakumeza na wewe."

Nikachomoa waya kwenye kompyuta na kuifunga. Ncha yake ikabaki inaning'inia ukingoni mwa meza upande wa mwenyekiti, ile nyingine ikiwa bado ukutani.

Mstari alivaa miwani akaanza kusoma barua kwa sauti. Uzembe. Hujuma. Kuhatarisha maisha ya wagonjwa. Kila neno lilimwinamisha Mama Pacha kidogo. Na Mstari akiwa anasoma, mkono wake wa kushoto ulisogeza glasi. Ukapanga kalamu. Ukafika ukingoni, ukagusa ile ncha inayoning'inia, ukaishika.

Niliona. Ningeweza kusema, "Mzee, acha." Nje kulikuwa na foleni, na mle ndani ya foleni kulikuwa na watu wenye homa. Nilifungua mdomo, nikamtazama Mama Pacha, nikaufunga.

Bila kuinua macho kwenye barua, Mstari aliinama kidogo na kuisukuma ncha kwenye tundu la pembeni ya kiti chake. Ikalia *tak*. Akaendelea kusoma.

Hatukumaliza hata aya moja. Simu ya mezani, nayo ya mtandao, ilikufa ikiwa inaita. Korido ikaanza kupiga kelele, mlango ukafunguliwa kwa kishindo, mfamasia akaingiza kichwa.

"Msomi! Umekufa tena! Na leo si Jumatatu!"

Nilinyanyuka, nikazunguka meza, nikapiga goti kando ya kiti cha mwenyekiti, nikachomoa. Nikauinua waya ili wote wauone. Baada ya muda mfupi simu ikaanza kuita tena.

Matroni alivua miwani yake. "Nani kachomeka?"

Mstari aliutazama mkono wake wa kushoto kama mkono wa mtu mwingine.

"Ulikuwa unaning'inia," alisema.

"Na Jumatatu?" matroni aliuliza. "Zote tatu?"

Mstari aliikunja barua mara mbili, pembe juu ya pembe, akaipiga pasi kwa kidole. Kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mama, rudi kazini. Na wewe kijana, majaribio yako nitayaongeza miezi mitatu."

Pole hakuisema. Lakini Mama Pacha alikuwa amesimama tayari, ndoo mkononi, mgongo umenyooka.

"Kazini naenda, baba," alisema, akanyoosha mkono juu ya meza. "Hiyo barua nipe. Vioo vya mapokezi vina madoa, na magazeti ya kuvifutia yameniishia."