Skrubu Nne za Mashine ya Tatu

Fundi alikuwa amechuchumaa kwenye maji ya sabuni, akikaza skrubu ya tatu ya kifuniko cha swichi ya mashine ya tatu, alipoona viatu vimesimama kando yake. Viatu vinavyong'aa. Katika chumba kile cha kufulia mashuka ya hospitali, watu walivaa ndala au mabuti ya mpira.

"Nini hiyo?" mwenye viatu aliuliza.

"Shikamoo, mzee. Skrubu ya plastiki."

Alikuwa mkaguzi kutoka makao makuu. Walimtarajia mwezi ujao. Alifungua daftari, akasema orodha ya vifaa inataka chuma. Plastiki ni ya midoli ya watoto.

Fundi alijitahidi kumweleza polepole. Nyuma ya kifuniko kile nyaya zimechubuka. Ameandika barua tatu kuomba mpya, hajajibiwa. Skrubu ya chuma ikigusa waya, umeme hutoka hadi nje, pale pale mfuaji anapoweka mkono uliolowa. Plastiki haipitishi umeme. Wala haishiki kutu kwa dawa ya madoa, ilhali zile za chuma kila miezi miwili huzikata kwa msumeno. Hizi za plastiki ukizikaza kwa vidole tu, bila ubabe, zinadumu. Tena kazinunua mwenyewe.

Mkaguzi akasema hakuja kusomeshwa.

Nyuma yao alisimama Mama Pacha, mfuaji wa mashine hiyo, kiganja cha kulia kimefungwa bendeji. Wiki mbili nyuma umeme wa mashine hii ulimrusha mpaka ukutani. Ofisi iliandika neno moja kwenye fomu: uzembe. Alikuwa ameapa kutorudi, ingawa pacha wake hawana mwingine wa kuwalisha, hadi Fundi alipomfuata nyumbani. "Njoo Jumatatu, dada," alimwambia. "Hutagusa chuma tena pale."

Leo ni Jumatatu.

"Rudisha za chuma sasa hivi," mkaguzi alisema. "La sivyo, hapa huna kazi."

Fundi aliinuka. Magoti yake yalichuruzika maji. Akaokota skrubu kuukuu, nyekundu kwa kutu, akamwonyesha mkaguzi kwenye kiganja chake.

"Sawa, mzee. Nitazirudisha. Ila utawasha wewe. Lowesha mkono kwanza."

Mama Pacha akasogeza ndoo ya maji kwa mguu.

Mkaguzi aliitazama ndoo, akarudi hatua moja. "Mimi si mfuaji."

"Ndiyo maana," Fundi alisema.

Kalamu ikaanza kukwaruza. Mkaguzi hakuuliza hata jina. Aliandika tu "fundi wa kufulia", akapiga mstari chini yake.

Fundi alichuchumaa tena. Skrubu ya nne aliizungusha kwa vidole viwili, taratibu, hadi ilipokataa yenyewe. Akaenda ukutani akarudisha umeme, kisha akaanza kupanga zana zake kwenye mfuko.

Mama Pacha alichovya mkono wa kushoto kwenye ndoo. Akafumba macho, akauweka wote juu ya kifuniko, akabonyeza swichi.

Mashine ikaanza kuzunguka.