Mguu Uliofuata Sheria

Saa nne asubuhi fundi cherehani alikata uzi, akachukua cheti cha daktari na kuvuka barabara kwenda duka la dawa, hatua kumi na nne kutoka mlangoni pake. Kivuko chenye milia kilikuwa hatua mia sita mbele, kwenye geti la mkurugenzi wa manispaa. Siku wapaka rangi walipokuja, mkurugenzi ndiye aliyewapa chai, nao hawakuona sababu ya kubeba ndoo mbali zaidi. Pale hapavuki mtu. Hata mbwa wa mkurugenzi hutoka kwa gari.

Gari hilohilo lilimgonga fundi kwenye hatua ya tisa. Dereva alikuwa akisoma ujumbe kwenye simu. Hospitali ilimkata fundi mguu wa kulia chini ya goti, ikauzika nyuma ya stoo, na kabla kidonda hakijakauka akaitwa mahakamani kujibu shtaka la kuvuka pasiporuhusiwa. Akitiwa hatiani, madai yake dhidi ya dereva yangekufa hapohapo. Bila madai hakuna mguu wa bandia, na cherehani yake ni ya kukanyaga.

"Hatua mia sita ni nini kwa mtu mwenye miguu?" hakimu aliuliza.

"Mheshimiwa, duka la dawa liko mbele yangu. Kule kwa mkurugenzi nifuate nini?"

Hakimu aliandika kwamba mshtakiwa hana adabu. Akamtia hatiani, akaamuru kivuko kitumiwe kila asubuhi kwa siku thelathini. Kwa kuwa mguu wa kulia ndio uliotangulia kukanyaga lami, adhabu aliutwisha huo.

Kesho yake mguu ulifukuka, ukajikung'uta udongo na kupita mapokezi, ambako muuguzi aliufutia jina daftarini. Dada wa fundi aliuosha, akauvalisha kiatu.

"Angalau wewe umepata kazi," aliuambia.

Kila asubuhi mguu ulirukaruka hadi getini, ukasimama ukingoni, ukageuza ncha ya kiatu kulia, kushoto, kulia tena, ndipo ukavuka. Askari wa barabarani aliupigia saluti. Manispaa iliupeleka shuleni uwe mfano kwa watoto. Mkurugenzi akapiga nao picha, mkono wake ukiwa juu ya goti lisilokuwepo. Watu wa aina hii hawajui aibu. Wanajua kufunga tai.

Siku ya kumi na tisa, gari la mkurugenzi liliugonga mguu katikati kabisa ya milia. Dereva yuleyule, simu ileile.

Fundi alipopata habari alilia, kisha akacheka mpaka dada yake akaogopa.

"Safari hii ulikuwa juu ya mstari, dada. Juu ya mstari! Watachomokea wapi?"

"Vaa lile gauni la bluu," dada alisema. "Twende ukaonekane mtu."

Walifika mahakamani mapema na madai mapya, mguu umefungwa ndani ya shuka. Dereva alikuja amenyoa vizuri, akaketi akichezea simu. Hakimu alisoma hukumu polepole, bila kuinua kichwa. Tangu kivuko kipakwe rangi, hakuna aliyekuwa akivuka pale. Siku kumi na nane hazitoshi kuwa mazoea. Dereva makini hawezi kutegemea kumkuta mtu mahali pasipo na watu. Kosa ni la mguu. Madai yamefutwa, na adhabu iendelee kwa siku kumi na mbili zilizobaki, kwa kuwa ile ya kumi na tisa mguu haukufika ng'ambo.

"Mheshimiwa," fundi alisema, "basi tuvukie wapi?"

"Swali hilo halimo kwenye shauri."

Ilibaki saini ya mkosaji. Karani alifungua shuka, akakishika kidole gumba cha mguu na kukikandamiza chini ya hukumu. Damu ilikuwa bado inatoka, kwa hiyo hakuhitaji wino.