Mfuko wa Maji Kichwani mwa Minza

Daktari Yunusi alituonyesha picha ya kichwa cha binti yetu Minza kwenye kompyuta. "Ndani ya ubongo kuna vyumba vyenye maji, na maji hayo hupita toka chumba hadi chumba. Hapa njiani umeota mfuko mdogo wa maji, umeziba. Yale ya nyuma yanazidi kujaa, ndiyo maana mtoto anatapika na kichwa kinamuuma."

"Huo mfuko naujua," nikamwambia, na sikuwa natania. Mbuzi wa kijijini kwetu Kakese akianza kuzunguka upande mmoja bila kuacha, naitwa mimi. Nabonyeza fuvu kwa vidole mpaka nipate palipolainika, napasua kwa kisu, nautoa mfuko mzima. "Sasa nyie na mashine zote hizi mnashindwa nini?"

"Huu uko katikati kabisa, baba Minza. Hapa hatuna mtu wa kuufikia. Inabidi mwende Mwanza."

"Mwanza!" Nilipiga meza, kalamu zake zikaanguka. "Mtoto hata kukaa hawezi, wewe unaniambia Mwanza!"

Mke wangu Nyamizi alikuwa amempakata Minza. Vidole vyake vilikuwa vinabonyeza kichwa cha mtoto polepole, vikitafuta palipolainika.

Daktari aliokota kalamu zake bila hasira. "Hao mbuzi unaowapasua," akauliza, "wote huwa wanapona?"

Nilimtazama mke wangu. Nyamizi naye aliinamisha uso. Asiyepona tunamchinja siku hiyohiyo, na anayepika ile nyama ni yeye.