Mara ya Sita Kabla ya Saa Tano

Mara ya sita, na saa tano ilikuwa bado haijafika. Kamanda alimwona wifi yake akiinuka tena kwenye meza ya kupanga kurasa, akivuta sketi chini, akija mlangoni kwa hatua fupi fupi za mtu anayejifanya hana haraka.

Kamanda lilikuwa jina la utani tu. Kazi yake ilikuwa kupekua wanawake kwenye mlango wa chumba cha mitihani, ndani ya kiwanda cha uchapaji, na aliifanya kwa moyo mmoja. Kwa wiki tatu kila mwaka karatasi za mtihani wa taifa zilipangwa humo, zikabanwa pini, zikafungwa kwenye bahasha. Hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka na kalamu, simu au kipande cha karatasi. Swali moja likivuja, wote wamekwenda na maji. Na huyu wifi, mke wa kaka yake, aliingizwa kazini na Kamanda mwenyewe. Ndiye aliyemwambia meneja, "Huyu namjua, ni mtu wa nyumbani." Wifi akiharibu, na yeye hana kazi.

"Tena, wifi?" akauliza.

"Haja ndogo, wifi yangu. Nipekue upesi."

Kamanda alipapasa mikono, kiuno, soksi, akafumua hadi kilemba. Patupu, kama kawaida. Wifi akajifunga kilemba chake, akatoka. Lakini hakwenda chooni. Alisimama ukutani kwenye korido, miguu ameibana, macho ameyafumba, midomo inachezacheza bila sauti. Alikaa hivyo kwa muda mzuri, ndipo akaelekea chooni kwa utulivu.

Hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu Jumatatu. Sasa niambie, mtu aliyebanwa na mkojo anasimama njiani kufanya nini? Kamanda alijiuliza hivyo hivyo, na jibu likamjia pale pale mlangoni likamtia baridi. Kumbe ndiyo maana hamkuti na kitu. Habebi karatasi, anabeba maneno. Anasoma swali mezani, analikariri ukutani lisimpotee, kisha anakwenda kulitema chooni.

Aliumia, maana alimpenda mke wa kaka yake. Pia, tuseme ukweli, alijiona mwerevu.

Mengine yakajipanga yenyewe. Jumapili alipowatembelea, wifi aliikataa chai, yeye ambaye kwa kawaida humaliza vikombe vitatu mgeni hajaketi. Kamanda alipouliza kuna nini, kaka mtu aligeuza uso akaanza kusifia hali ya hewa. Wana jambo hawa, akajisemea, tena wanalijua wote wawili.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Kamanda aliingia chooni akajifungia. Akafunua tangi la maji, akachungulia juu ya dirisha, akapitisha mkono nyuma ya bomba. Mkono ukarudi na kifuko cha plastiki. Ndani mlikuwa na daftari dogo na kipande cha penseli.

*3.20 – 60. 3.50 – 75. 4.15 – 75. 4.45 – 90.* Kurasa nne za namba kama hizo, kwa mwandiko wa wifi yake.

Angeweza kumsubiri amuulize. Lakini kumuuliza ni kumpa nafasi ya kutunga uongo, na Kamanda alikuwa amechoka kuwa ndugu. Akaenda moja kwa moja kwa meneja.

Meneja hakupoteza muda. Alifunga chumba, akamwita wifi ofisini, akalitupa daftari mezani. "Haya ni maswali gani, na unampa nani?"

Wifi alilitazama daftari, kisha akamtazama Kamanda. Alimtazama kwa muda mrefu zaidi kuliko alivyolitazama daftari.

"Si maswali, bosi. Ni saa. Saa tatu na dakika ishirini mkojo ulinibana. Nikavumilia mpaka nikahesabu sitini, ndipo nikaingia chooni."

Meneja alikunja uso. "Unahesabu kwa nini?"

"Nilikwenda kliniki. Nilikuwa nakojoa kila nusu saa, mchana kutwa, nikaogopa ni sukari. Wakanipima mkojo na damu, sina sukari, sina maambukizi. Muuguzi akasema kibofu changu kimedeka. Kila kikinigusa kidogo mimi mbio chooni, mara nyingine hata sijabanwa, naogopa tu zamu ya kupekuliwa itakuwa ndefu. Basi kikazoea. Akaniambia nipunguze chai, maji nisiache. Haja ikija nisikimbie, nisimame, nikaze, nihesabu taratibu mpaka itulie. Kila siku niongeze kidogo na niandike, Ijumaa nimpelekee. Daftari haliruhusiwi chumbani. Ningeliweka wapi?"

Meneja alifungua tena daftari. Jumatatu ilianza na ishirini. Leo, mstari wa mwisho, wifi alikuwa amefika mia moja na kumi. Meneja alikohoa, akalifunga, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Ungesema mapema, mama."

"Ningesema nini mbele ya meza nzima? Mtu mzima, mkojo?"

Meneja akasema atahamishiwa meza ya karibu na mlango, na kwamba hakuna kosa lolote. Kazi ya wifi ilikuwa salama. Kamanda akamfuata wifi koridoni.

"Wifi, kwa nini hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia. Leo peke yake nimekuambia zaidi ya mara sita. Nilisema haja ndogo."

Aibu ilimpanda Kamanda hadi masikioni. Wifi aligeuka, akarudi mlangoni kwa meneja.

"Bosi, narudi kazini. Naomba jambo moja tu. Anipekue mtu mwingine."

Meneja akamwita mama wa usafi, akamwelekeza. Saa tisa wifi alipoinuka tena, ni kwa mama huyo alikokwenda, akanyoosha mikono yake pembeni bila kuambiwa.

"Haja ndogo," wifi akasema.

"Haya mama, pita, usije ukaumia," akajibiwa, na mikono ile ilimgusa mara moja tu.

Kamanda alisimama hatua mbili kutoka hapo, mikono yake ikining'inia, asijue aiweke wapi.