Ndoo ya Mgeni

Mimi ni mpishi, si mtakatifu. Naanza na hilo ili mtu asinitegemee sana.

Nyumba yetu iko pembeni ya mji wa Newala: vitanda kumi na viwili vya walioacha pombe na wanaokunywa dawa za akili. Msimamizi ni Madamu Careen, mtu wa mkoa mwingine, mwenye pua anayoiamini kuliko daktari. Kila mchana kabla ya chakula anawapanga na kuwanusa midomo na mashati. Wenyewe wanaiita foleni ya pua. Anayenuka pombe anaondoka siku hiyohiyo.

Dastani alikuwa hajagusa pombe miezi minane. Kabla ya hapo kaka yake Alfredi, kule Chiwata, alimfunga mnyororo kwenye mkorosho msimu mzima ili asifuate uraka, ile pombe ya mabibo, matunda ya mti huohuo. Kovu la mguuni lilikuwa bado jeusi.

"Mama Silvesta," aliniambia mara nyingi, "nikitoka hapa narudi kwenye mti ule."

Novemba Careen akaanza kuwapeleka shambani kwake kuokota korosho. Akaiita tiba ya kazi. Tiba gani, na mavuno yake yalikuwa yanaozea chini! Wakirudi wananuka mabibo, yeye ananusa na kupita kimya, maana alijua harufu inatoka wapi.

Siku aliyokuja mgeni, Careen alimpeleka Dastani peke yake, wengine wakabaki kufagia. Dastani akanyonga korosho kutoka kwenye mabibo hadi saa sita, akarudi shati limelowa, maji ya mabibo yamechacha kwa jua.

"Shikamoo, Mama Silvesta. Naomba maji kidogo nifue shati. Leo kuna mgeni."

Mabomba yalikuwa makavu siku ya tisa. Nilibaki na ndoo moja, na Careen alishaniagiza kwamba ni ya mgeni kunawa.

"Marahaba. Maji hakuna," nikasema, na ndoo iko miguuni pangu. Dastani aliiona. Akaenda kusimama kwenye foleni.

Mgeni, Bwana Nehemia wa shirika linalotulisha, alitaka kuiona hiyo foleni. Alipofika kwa Dastani akarudi nyuma.

"Huyu amekunywa."

"Ni mabibo, Bwana," Dastani akasema. "Nimetoka shambani kwa Madamu."

Careen akacheka. "Walevi hawakosi hadithi. Muulize mpishi."

Bwana Nehemia akanigeukia. "Asubuhi alikuwa wapi?"

Careen alikuwa ananitazama. Kazi nyingine Newala ningeipata wapi?

"Alitoka alfajiri," nikasema. "Sijui alikokwenda."

Afadhali Dastani angenitukana. Alikwenda kukunja blanketi lake.

Alfredi alipigiwa simu, akafika saa kumi na pikipiki. Alipotua mfuko wa salfeti chini, ukalia chuma. Careen akamshukuru kwa kuwahi. Dastani akapanda nyuma bila kushikwa, akaupakata mfuko mwenyewe.

Mgeni alikuwa amenawa vidole tu, ndoo karibu yote ikabaki. Niliona aibu, naiona mpaka leo. Lakini nilikuwa na jasho la siku tisa. Nikaibeba ndoo hadi bafuni, nikaoga.