Chuma cha Mama Safi

Mwaka ule mali za wageni zilipopewa wananchi wa Zaire, rubani mzungu wa kampuni ya madini alifungasha virago, akamwachia fundi wake Musafiri makasha manne. Ndani yake mlikuwa na ndege ndogo ya viti viwili, vipande vipande, ya kujiungia mwenyewe nyumbani. Kindu nzima ilicheka. Musafiri, kichwa kigumu kama kawaida yake, akajenga banda nyuma ya nyumba, akaanza kazi.

Bati la ndege hushikwa na riveti, vipini vifupi vya alumini, na riveti hutaka watu wawili. Mmoja anagonga nje. Mwingine yuko ndani, amekaza chuma kizito nyuma yake ili ncha ilale bapa. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wa ndani alikuwa mkewe Hadidja, ambaye tangu wamzae binti yao Safi, Musafiri alimwita Mama Safi. Alijikunja ndani ya mkia wa ndege na chuma chake, na jioni alitoka wanja umechuruzika kwa jasho mpaka mashavuni.

Siku moja, watu wamejaa bandani kutazama, akasema toka ndani: "Baba Safi, hii haikukaa muzuri. Toa, turudilie."

"Wewe unajua nini ya ndege? Shika chuma, nyamaza!"

Watu wakaangua kicheko. Lo, ulimi huu! Mama Safi akanyamaza kweli. Alishika chuma mpaka safu ikaisha, na asubuhi akapanda mtumbwi na binti yao kwenda kwa kaka yake, kule Lokandu. Chuma alikwenda nacho.

Miaka mitatu Musafiri alijifanya hana neno. Alipika wali, akaula amesimama, humo humo sufuriani. Aliunga vitu visivyotaka mtu wa pili: viti, magurudumu, nyaya. Alizoea kuongea na keekee yake ya kutobolea bati.

Mwisho ukabaki mkia tu kufungwa. Akaingiza kichwa na tochi. Ndani, kando ya riveti hii na ile, aliona alama ndogo nyeusi za kidole. Wanja! Akapapasa ya kwanza: imelala upande. Ya pili: ina ufa. Zilikuwa arobaini na moja, na Mama Safi hakukosea hata moja.

Akazitoa zote. Riveti mbovu haitolewi kwa hasira: unatoboa katikati ya kichwa chake, polepole, maana keekee ikiteleza tundu linapanuka na bati limeharibika. Siku kumi na moja alitoboa. Hakuharibu tundu hata moja, na hakuwa na mtu wa kumwonyesha. Hapo akalia, mtu mzima yule, kichwa kikiwa ndani ya mkia.

Kesho yake akamtafuta Bulaimu, mchuuzi wa samaki aliyekuwa akienda Lokandu na kurudi. Neno la "unisamehe" lilimfika mdomoni, akalimeza. Mwanamume huyu naye!

"Umwambie Mama Safi nimetoa zote zenye aliweka alama," alisema. "Matundu iko yanamungoja."

Siku tisa alifagia banda asubuhi na jioni. Alinunua hata wanja mpya sokoni, akauweka juu ya kasha. Siku ya kumi Bulaimu akaja, peke yake, na furushi la kitambaa cha kikwembe. Musafiri akalifungua. Kilikuwa kile chuma, kimepakwa mafuta, hakina kutu hata kidogo.

"Alisema nini?"

Bulaimu akatazama chini. "Alisema, hiki njo kitu chako cha mwisho chenye kilikuwa kwake."

Musafiri akakichukua chuma. Aliingia bandani, akatia riveti katika tundu la kwanza. Nyundo akaishika kwa mkono wa kuume. Wa kushoto akaupitisha ndani ya mkia pamoja na chuma. Akajinyoosha. Akabana kifua kwenye bati, akajinyoosha tena, jasho likimtoka. Mkono haukufika.