Ukuta wa Upande wa Magodoro

Fundi alieleza jambo lile lile kwa mara ya tatu asubuhi ile, na kwa mara ya tatu meneja wa kiwanda cha magodoro akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, kisha akamgeukia shemeji wa fundi.

"Wewe unaonaje, kaka?"

Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi ya kupaka rangi majengo, tisa pamoja na mumewe na kumi baada ya kumzika. Shemeji, mdogo wa marehemu, aliingia kazini mwaka juzi tu, na kompresa yake mpya na bunduki ya kupulizia rangi aliyoifuta kwa kitambaa kila jioni utadhani anamwogesha mtoto mchanga.

"Mimi naona kompresa inatosha," shemeji akasema. "Rangi inatoka laini, hariri tupu."

"Si ndiyo!" Meneja akapiga makofi. "Gari langu lilipulizwa kwa kitu hicho hicho. Mpaka leo ukilitazama unajiona."

"Bosi, hili si gari," fundi akasema. "Ni ukuta wa bati, mita sitini kwa tisa, na hauna kizuizi cha upepo. Kompresa inapasua rangi kwa hewa mpaka inakuwa ukungu. Nusu inakaa ukutani, nusu inakwenda inakotaka yenyewe. Pampu ya presha haitumii hewa, inasukuma rangi tupu, matone yanatoka mazito na yanatua. Tukodi pampu. Upande wa nyuma tupulize alfajiri kabla upepo haujaamka. Upande huu wa uwanja, mnakopakia magodoro, tupake kwa rola ya manyoya marefu, iingie hadi ndani ya mikunjo ya bati."

"Rola! Mama, zama hizi?" Meneja akacheka. "Wakubwa zangu wanakuja Jumatatu."

Fundi alikuwa amekuja na kipande cha bati alichokigawa katikati, akapaka nusu kwa bunduki ya shemeji, nusu kwa rola. Akakikwaruza kwa ukucha. Kule kwenye kompresa rangi ikabanduka, maana ilikuwa nyembamba mno. Meneja alitazama upande unaong'aa tu.

Hata hivyo walikubaliana kukodi pampu, au fundi alidhani hivyo. Kesho yake akaondoka mapema kwenda kuifuata pampu. Huko akaambiwa ina hitilafu, asubiri. Akasubiri kwenye benchi la mbao saa tatu nzima, akipiga simu kwa shemeji bila kupokelewa. Alipofika kiwandani na pampu yake, jua lilikuwa limeshapanda na upepo unapeperusha mifuko ya nailoni uwanjani. Kompresa ikasikika tangu getini.

Shemeji alikuwa juu ya jukwaa, barakoa usoni, anapuliza rangi ya bluu kwa raha zake. Chini yake ukungu ulikuwa unaelea uwanjani, taratibu, kama vumbi la barabarani. Na pale uwanjani magodoro meupe zaidi ya thelathini yalikuwa yamepangwa yakisubiri kuvikwa nailoni. Yalikuwa na madoadoa kama manyoya ya kanga.

"Zima!" fundi akapiga kelele. "Zima hiyo kitu!"

Kelele ya kompresa ikafa. Shemeji akashuka, akayaona magodoro, akavua barakoa polepole.

"Nani kakwambia uanze?"

"Meneja. Alisema tunachelewa."

"Na mimi ni nani hapa?"

Shemeji akaanza kuukunja mpira wa hewa wa kompresa.

Meneja akaja mbio, mikono kichwani. Fundi akangoja aone atamkaripia nani. Wala hakuhitaji kungoja sana.

"Fundi! Miaka yote hiyo kazini, hujui habari za upepo?"

Fundi alitamani kumtupia kile kipande cha bati. Badala yake akaanza kukunja turubai, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akawaambia vibarua wapakie ngazi.

"Unakwenda wapi?" meneja akauliza.

"Nyumbani. Mtafute mtu mnayemsikiliza."

Meneja akatazama ukuta ulioishia nusu, akatazama magodoro, akahesabu siku kwa vidole. "Basi, mama. Fanya unavyojua."

"Na kila neno la kazi liletwe kwangu. Si kwake."

"Sawa, sawa."

Wakakwangua ile rangi nyembamba, wakaanza upya. Shemeji alishika rola siku nne bila kunung'unika, na hakuomba radhi. Asubuhi moja tu alimtangulia fundi, akamchanganyia rangi yake, akamwekea ndoo karibu na ngazi, akaenda zake.

Jumatatu wakubwa wakaja. Ulibaki ukanda mmoja karibu na mlango wa kupakilia. Fundi alikuwa katikati ya ngazi aliposikia sauti ya meneja chini.

"Mafundi walitaka kutumia kompresa. Nikawaambia hapana, eneo hili lina upepo. Huku rola, kule nyuma pampu."

Fundi akasita, rola mkononi. Rangi ikamchuruzikia mpaka kwenye kiwiko.

"Samahani, bosi," shemeji akasema kutoka ngazi ya pili. "Aliyesema hivyo ni huyu shemeji yangu. Mimi na wewe ndio tuliokataa."

Wageni wakatabasamu kwa adabu, wakaingia ndani kuangalia mashine. Meneja akawafuata, masikio yamemwiva.

Fundi alijua alipaswa kufurahi. Alichohisi ni uchovu, na hasira kidogo iliyobaki: neno alilolisema mara tatu mwenyewe limesikika leo kwa sababu limetoka kwenye mdomo mwingine.

"Asante," akasema hata hivyo, bila kugeuka. "Sasa rudi pale kushoto. Umeruka mkunjo mmoja."

Shemeji akatazama, akauona, akasogeza ngazi yake.